Gia ya Mkono na Kidari cha Mjomba

Nkololo,
Bariadi, Simiyu.
Jumapili, 21 Aprili 2024

Mpendwa dada Mektilda,

Mwadila, dada yangu. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Marcelo na watoto, na ule mguu uliokusumbua wakati wa Krismasi uwe sasa unakanyaga bila kukulalamikia. Je, huko Masasi mvua zimekatika au bado? Na yule mtoto wa mwisho, Precious, ameacha kikohozi?

Sisi huku mhola duhu, salama tu. Mama anakula, anatembea na anagomba, kwa hiyo jua ana afya. Mke wangu Lukresia anakusalimu sana. Mpunga umesimama vizuri mwaka huu. Pamba ya bondeni imekunywa maji kupita kiasi, lakini ile ya kule juu karibu na kanisa imeshika vitumba hadi watu wanasimama kuitazama.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Dada, simu ya hapa nyumbani si ya mtu mmoja. Mama akiipokea anaweka spika, na habari yako yote inasikika hadi zizini. Mimi nina neno ambalo sitaki lisikike jikoni. Kwa bahati mwalimu Jenifer, jirani yetu, amehamishiwa shule ya huko kwenu, nimempa bahasha hii na kumwapisha aikabidhi mkononi mwako.

Neno lenyewe ni hili: nina wivu. Nimejaribu kuliita jina jingine, uchovu, hasira, hata malaria, halikubali. Ni wivu, na namwonea mke wa mdogo wetu Luhaga, Nancy.

Nianzie mbali kidogo. Unalikumbuka gari alilotuachia Baba, ile pikapu nyeupe ya milango minne. Ni gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lakini ukitaka ya mbele yavute ilibidi uzungushe kitufe pale kwenye dashibodi. Kitufe kile kilikuwa kinatuma umeme kwenye kimota kidogo kilichofungwa huko chini ya gari, kwenye gia boksi dogo, lile linalogawa nguvu kati ya magurudumu ya nyuma na ya mbele. Sasa umeme na tope la Simiyu havijawahi kuelewana. Ukizungusha kitufe leo, magurudumu ya mbele yanavuta. Kesho unazungusha, taa inapepesa pepesa tu kama inakukonyeza, na gari limelala matopeni.

Mimi peke yangu ndiye niliyezijua tabia zake. Nilikuwa na jiwe langu chini ya kiti, jiwe la mviringo nililoliokota mwenyewe mtoni. Taa ikipepesa, nateremka, naingia chini, nakigonga kile kimota mahali pake, si juu wala pembeni, pale pale, huku mtu mwingine akizungusha kitufe. Kinashtuka, kinaingia. Kisha Mama, ambaye siku zote hukaa kiti cha mbele, anatoa kichwa dirishani ananiambia, "Wabeja, ng'wanone." Dada, nimeishi na neno hilo la shukrani miaka mingi. Gari likikwama popote, awe anaendesha Luhaga au katekista, sauti ya kwanza ilikuwa, "Mwiteni Januarius." Nimewahi kuacha ugali mezani, nimewahi kutoka kwenye misa, nikapanda bodaboda na jiwe langu kwenye mfuko wa koti. Nilikuwa nanung'unika njia nzima, na moyoni nilikuwa na furaha tele.

Mwaka jana mvua za masika ndipo mambo yalipoharibika. Nilimpeleka Mama kwao Mwanhuzi, kwa mjomba Mashimba. Pale kwenye mto wa mchanga, kabla hujaufikia mji wa mjomba, kimota kikafa kifo cha kweli. Niligonga mpaka jiwe likabanduka kipande. Mama alikaa juani siku nzima chini ya mwavuli, mpaka mfugaji mmoja akaja na maksai wake wakatuvuta kurudi ng'ambo hii. Hakufika kwao. Akasimama pale mtoni na fimbo yake akasema hatauvuka tena na gari la kuombewa. Unamjua akisema. Mwaka mzima hajaenda kwa kaka yake, na kila mjomba alipopiga simu akimwuliza atakuja lini, Mama alikuwa akinitazama mimi.

Ndipo Luhaga na mkewe wakaleta wazo lao. Nancy baba yake alikuwa dereva wa malori ya pamba, amekulia kwenye kabini, anaongea habari za gia kama wanawake wengine wanavyoongea habari za vitenge. Akasema kile kitu cha umeme kitolewe chote, litafutwe gia boksi dogo la zamani la gari la aina ile ile, lile la kuingiza kwa mkono, lenye wenzo unaotokea sakafuni. Alisema wenzo hauna taa ya kukudanganya: umeuvuta umeingia, hujauvuta haujaingia.

Nilipinga. Niliwaambia usiache mbachao kwa msala upitao. Niliwaambia sakafu itatobolewa maji yataingia, niliwaambia gari la marehemu halikatwikatwi. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: hicho cha mkono kinahitaji jiwe? Nancy akajibu, "Hapana, Mayu." Basi, kikao kikaisha.

Kazi alifanya fundi Hamimu pale Bariadi, gereji ya nyuma ya soko. Gia boksi lilitoka kwenye mkweche ulioanguka huko njia ya Lamadi. Nilikwenda gereji kila siku, na wote walidhani nakwenda kwa uchungu wa mali ya familia. Ukweli, dada, nilikuwa naomba lisienee. Walipokuta shafti inayokwenda mbele ni fupi kidogo nilifurahi hadi nikawanunulia mafundi soda. Kesho yake Hamimu akapata ya urefu unaofaa, likaenea kama limezaliwa humo. Wakaitoboa sakafu, wenzo ukachomoza kati ya viti viwili vya mbele, una kichwa cheusi cha mviringo. Kimota changu nilikiona kimetupwa kwenye pipa la vyuma chakavu, na waya wake bado unaning'inia.

Jambo moja zaidi lilibadilishwa, na hapa nakuomba ulishike maana ndilo lililoniua. Magurudumu ya mbele nayo yaliwekewa hab za kufunga kwa mkono. Yaani kabla hujaingia kwenye tope unateremka, unazungusha kile kifungio cha katikati ya gurudumu, kulia na kushoto, halafu ndipo unapanda na kuvuta wenzo. Usipofunga, wenzo utauvuta hadi kesho na magurudumu ya mbele yatakuangalia tu. Hamimu alitueleza wote pale gereji. Mimi alipokuwa anaeleza nilikuwa nimegeuka, natazama pikipiki ya mteja mwingine. Nilisikia maneno, sikuyapokea.

Siku ya kujaribu nilishika usukani wa kwanza kama mkubwa. Nikauvuta ule wenzo kwa nguvu, ukalia mlio wa kuogofya, Hamimu akafumba macho. Akapanda Nancy. Akakanyaga klachi hadi mwisho, akasubiri kidogo, akauvuta kwa vidole tu, ukaingia kimya. Luhaga akacheka akaniambia, "Kaka, asiyekubali kushindwa si mshindani." Nikamwambia gari si ngoma.

Jumapili ya Matawi ilinyesha tangu alfajiri. Nancy ndiye aliyewapeleka Mama na wanawake wengine kanisani, mimi nilibaki na ng'ombe jike aliyekuwa anazaa. Kile kilima cha udongo mweusi kabla ya kanisa unakijua, hakuna mwaka hakijanipigia simu. Nilikaa na simu mkononi. Nilikuwa nimeshalitoa jiwe langu, nimeshavaa buti. Ng'ombe akazaa, ndama akasimama, simu haijalia. Nikapiga mwenyewe simu ya Nancy kuuliza kama wako salama. Mama akapokea, nyuma yake nasikia kwaya inaimba. Walikuwa wamefika zamani. Akaniambia gari limepanda kama mbuzi.

Tangu siku hiyo Mama na ule wenzo ni kitu kimoja. Akikaa kiti cha mbele anashika kichwa chake kama anavyoshika fimbo yake, na Nancy anamwachia amsaidie kuuvuta. Wanavuta wote wawili, wanacheka. Mimi nimemwendesha Mama miaka yote hiyo, hajawahi kugusa kitu chochote cha gari lile isipokuwa kioo. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Na jiwe langu, dada, nililikuta jikoni limefunikia chungu cha maziwa.

Sasa nifike kwenye safari. Baada ya Pasaka Mama akatangaza kwamba anakwenda kwao, mto haumwogopeshi tena. Furaha ilienea nyumba nzima, na mimi nikaanza kukosa usingizi. Unaijua desturi ya kule kwa mjomba: aliyemleta dada yao langoni ndiye anayekabidhiwa kidari cha mbuzi, mbele ya watu wote. Baba alikila alipokuwa akimleta Mama kwa baiskeli. Alipochoka, nimekila mimi. Si nyama, dada. Nyama tunakula hapa. Ni vile mjomba anavyoinua sinia anauliza, "Nani kaniletea dada yangu?" na watu wote wanakutazama wewe. Nilijua wazi kwamba Nancy akishika usukani siku hiyo, sinia halitanijia tena maisha yangu yote.

Kwa hiyo nikadai. Nilisema mimi ndiye mtoto wa kiume wa kwanza, na mjomba ananitazamia mimi. Nancy akaweka funguo mezani kwa heshima, akasema, "Haina shida, shemeji, endesha wewe." Hata adabu yake niliionea wivu, maana mimi nisingeweza. Mama akasema sawa.

Jumamosi ya tarehe 13 tukatoka. Nilikuwa na shati jeupe na viatu vimeng'aa, Mama pembeni yangu, Luhaga na mkewe kiti cha nyuma. Hadi Mwanhuzi niliendesha vizuri sana, hilo wote wanakiri. Tukafika mtoni. Maji yalikuwa machache, lakini ukingo ulikuwa tope jeusi na katikati mchanga uliolowa. Nikasimama, nikakanyaga klachi hadi mwisho kama nilivyomwona Nancy, nikauvuta wenzo kwa vidole, ukaingia bila kelele. Nikamtazama Mama kuona kama ameona. Mama alikuwa anatazama nje, kwenye gurudumu la mbele, kama mtu anayesubiri jambo. Mimi nikatia moto.

Tulifika katikati. Magurudumu ya nyuma yakaanza kuchimba, ya mbele yamesimama kimya kama wageni waalikwa. Dada, mwili una mazoea yake. Kabla sijafikiri, mkono wangu ulikuwa chini ya kiti ukitafuta jiwe. Halikuwepo. Nikateremka, nikaokota la kwanza lililokuwa mbele yangu, nikaingia chini ya gari na shati langu jeupe, nimelala chali matopeni, natafuta kimota cha kugonga. Nilipapasa mbele, nikapapasa nyuma. Hakuna kimota. Kipo Bariadi kwenye pipa la vyuma chakavu, na mimi nilikiona kwa macho yangu kikitupwa.

Kichwa cha Mama kikatokea dirishani. Nilijua ni yeye kwa sababu fimbo ilitangulia.

"Januarius! Unatafuta nini huko chini?"

Nikaendelea kupapasa.

"Hab hujafunga," akasema. "Nancy huwa anashuka kwanza."

Hapo nilipolala niliiona miguu ya Nancy, ameshavua viatu, inapita kulia kisha inapita kushoto. Nikasikia kile kifungio kinalia ka! upande mmoja, na ka! upande wa pili. Nilipotoka nilikuwa mweusi kuanzia kisogo hadi visigino. Nikashika mlango wa dereva. Mama ameshatandika kitenge chake kipya juu ya kiti kile, akaniambia nitakichafua, nipande nyuma, Nancy aendeshe. Na gari likatoka, dada. Likatoka bila kutingisha hata sufuria.

Basi hivyo ndivyo nilivyoingia kwa mjomba Mashimba, mtoto wa kiume wa kwanza: nimesimama nyuma ya pikapu pamoja na gunia la mchele na kuku wawili, tope limeshaanza kukauka usoni, na vigelegele vyote vinamwendea mwanamke aliyeshika usukani. Mashangazi walimshusha Nancy kwa nyimbo. Mimi nilipewa ndoo ya maji.

Kikafika chakula. Mjomba akainua sinia lenye kidari, akauliza swali lake. Kila mtu akamwangalia Nancy, halafu wakaniangalia mimi, halafu wakaangalia chini, maana kidari kile hakijawahi kukabidhiwa mwanamke. Luhaga alikuwa anahesabu mawingu. Moyo wangu ulikuwa unapiga kelele kwamba niliendesha mimi, kutoka Nkololo hadi mtoni niliendesha mimi, lakini mdomo wa mtu mwenye tope hadi masikioni unaanzia wapi?

Mama akaegemea fimbo, akanyoosha mkono. "Lete hapa, kaka. Nimejileta mwenyewe. Hawa wote wawili nilikuwa nawaelekeza mimi."

Watu walicheka hadi mbuzi waliobaki wakashtuka. Mjomba akampa sinia kwa mikono miwili. Mama akakaa nalo akala taratibu kwa meno yake yale machache, kama mtu aliyeisubiri nyama hiyo tangu alipoolewa. Akakata kipande akampa Nancy. Kwangu akaleta ule ufupa laini wa pembeni. Nikaula. Ulikuwa mtamu, na hilo nalo liliniudhi.

Tulirudi Jumatatu, na sikudai usukani. Nilikaa nyuma na Luhaga. Tulipokaribia mto Nancy akapunguza mwendo, akasimama, akaanza kuvua viatu. Sijui kilichoniingia. Nilifungua mlango nikashuka kabla yake, nikafunga ya kushoto, nikazunguka nikafunga ya kulia, viatu vyangu na vyote ndani ya tope. Nikampungia mkono apite, nikavuka kwa miguu nyuma yao.

Ng'ambo ya pili walinisubiri. Kichwa kikatoka dirishani. "Wabeja, ng'wanone," akasema Mama.

Nilikuwa sijalisikia tangu lile gia boksi libadilishwe. Niligeuka kidogo kana kwamba nasafisha viatu.

Usidhani wivu umeisha, dada. Jana tu Mama alimwambia Nancy ampeleke kliniki Bariadi, nikashinda nalima kwa hasira hadi Lukresia akauliza jembe limenikosea nini. Najua gari sasa ni zima, najua Mama anafika anakotaka, na ningekuwa mtu mwema ningeshukuru hapo nikanyamaza. Kumbe nililipenda lile gari likiwa bovu, kwa sababu likiwa bovu nilikuwa naitwa.

Kwa hiyo nina ombi, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Mmesema mtakuja Desemba. Basi lenu litafika Bariadi mvua zikiwa zimeshika, na hapa nyumbani patakuwa na mjadala wa nani awafuate stendi. Nancy ataendesha vizuri kuliko mimi, nakuambia mapema usije ukasema nilikuficha. Lakini siku hiyo piga simu, Mama aiweke spika kama kawaida yake, useme wazi watu wote wasikie: "Mwiteni Januarius."

Hab nitafunga tangu hapa nyumbani.

Nisalimie sana shemeji Marcelo, umwambie mahindi ya kuchoma yanamngoja. Nibusie Precious na kaka zake. Luhaga na Nancy wanakusalimu; Nancy amekusukia mkeka, nitaubeba mwenyewe siku hiyo nikija stendi. Mjomba Mashimba anasema naye anakusubiri kwake. Mama anakuombea usiku na asubuhi, nami naitikia amina. Mungu awalinde njia yote, awavushe kila mto, na atukutanishe tukiwa wazima.

Mdogo wako akupendaye, hata akiwa matopeni,

Januarius